Kitabu hiki ni cha nani? Maneno niliyosema juu ya mama, binti na ukoo

(Haya niliyaongea Jumamosi iliyopita kwenye kikao chetu cha wasomaji hapa Mombasa. Wengi mlikosa sababu ya mvua, wengine mko mbali, mkaniomba niyaweke yote. Nimeyaandika vile yalivyotoka mdomoni.)

Assalamu alaikum, hamjambo nyote. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi kaka zangu wachache mliokaa huko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele tafadhali, nafasi ipo, na leo nina maneno yenu pia.

Nimepewa swali moja. Riwaya ya mama na binti na mambo ya ukoo, nani ataifurahia? Aliyeniuliza ni dada mmoja wa hapa hapa kikundini, alitaka kununua nakala ya zawadi, akaniuliza nimpe nani hiki kitabu, nimpe shangazi, nimpe binti yangu wa fomu foo, nimpe mume wangu? Nikamjibu haraka haraka mpe shangazi, manake ndivyo tunavyojibu siku zote, si kitabu cha kina mama? Nikaenda nyumbani nikalala nalo lile swali na nikaona nimejibu ovyo. Kwa hivyo leo najibu upya, mbele yenu, na nawaomba mnivumilie kwa sababu jibu lenyewe limepitia jikoni kwetu.

Kwa ambao hamjakisoma niwape kwa kifupi. Kitabu ni The Dragonfly Sea, kimeandikwa na Yvonne Adhiambo Owuor, Mkenya mwenzetu, yule aliyeshinda tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, mwaka 2003. Kilitoka 2019. Ni Kiingereza, lakini Kiswahili kimejaa humo ndani na kinaanzia kwetu, kisiwani Pate, huko Lamu. Kuna msichana anaitwa Ayaana na mamake anaitwa Munira. Baba hayupo. Ukoo wa Munira umemtupa, mji unamsema, na mtoto anakua akitazama bahari kama vile kuna mtu ataletwa na chombo. Halafu anarudi baharia mmoja mtu mzima, Muhidin, na yeye pia watu hawamwelewi, na yule mtoto anamchagua. Sikilizeni neno hilo, anamchagua. Mtoto anachagua baba. Baadaye Wachina wanakuja kisiwani kutafuta kizazi cha mabaharia wao wa zamani, Ayaana anaonekana ndiye, anapandishwa meli anapelekwa China kusoma. Na mengine mengi, ni kitabu kirefu, kurasa zaidi ya 450, sitawamalizia.

Sasa nani atakipenda?

Nianze na nyinyi wanaume. Eti ni kitabu cha wanawake. Nani kasema? Kuna mzee wetu mmoja wa hapa kikundini, alikuwa nahodha wa boti miaka mingi, leo hayupo lakini amenipa ruhusa niwaambie haya. Alikuja kikao cha kwanza akaniuliza kwa sauti ya chini, hivi na sisi tunaruhusiwa? Nikamwambia karibu mzee wangu. Akachukua kitabu, mwezi mzima kimya. Alipokuja tena akasema ameishia pale mtoto anapompata Muhidin, hakuweza kuendelea, amekiweka juu ya kabati.

Kwa nini mzee? Akakaa kidogo ndio akasema. Alimuoa mke akiwa na mtoto wa miaka miwili, msichana, akamlea kama wake, akamfundisha kuogelea, akamlipia karo mpaka chuo. Siku ya nikahi ikafika. Shehe akauliza, walii wa bibi harusi ni nani? Na nyinyi mnajua sheria yetu, walii, yule wa kumwozesha binti, ni baba mzazi, na baba mzazi alikuwa hai, yuko mbali huko, hajatuma hata shilingi, akapigiwa simu akatoa idhini kwa simu. Nikahi ikapita. Mzee wetu alikuwa amekaa safu ya tatu, na kanzu yake mpya, amegharamia yeye chakula chote cha siku ile. Hana kinyongo na sheria, aliniambia hivyo mara mbili, sheria ni sheria. Lakini akasema, "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mtoto pia anaweza kumchagua mtu. Nilidhani mimi tu ndiye niliyechagua."

Basi akateremsha kile kitabu kabatini akakimaliza. Niambieni, huyo mzee si msomaji wa riwaya ya mama na binti? Kuna mtu hapa kinamfaa kuliko yeye?

Wa pili ni wale waliopanda chombo wakaenda. Na hapa pwani nani hana mtu aliyeenda? Nina ndugu yangu, binti wa mamangu mdogo, yuko Maskati mwaka wa sita sasa, kazi za nyumbani. Mtoto wake wa kike ana miaka tisa, anakaa na bibi yake huku. Yeye kusoma kitabu hana nafasi, lakini simu anayo, kwa hivyo nilikuwa nasoma usiku, namrekodia kwa Kiswahili kwenye WhatsApp, dakika kumi kumi, yeye anasikiliza akipiga pasi. Nilidhani atampenda Ayaana kwa sababu na yeye alisafiri. Ikafika ile sehemu binti yuko ng'ambo na mama amebaki kisiwani, akanirudishia ujumbe, sekunde chache tu: "Dada mimi humu niko mara mbili. Aliyepanda meli ni mimi, na mama aliyeachana na bintiye ni mimi."

Sikuwa na la kumjibu. Nikasoma sura inayofuata nikamtumia.

Niseme pia ukweli wangu, manake sikuja hapa kukiuza kitabu. Kule kati, Ayaana akishafika China, halafu Uturuki, mimi niliona kinarefuka, na zaidi ya hapo nilimkosa Munira. Kurasa nyingi mama hayupo, nikawa nafungua mbele nimtafute. Kama mtu anataka hadithi ya haraka yenye kufunga mafundo yote, hiki hakitampendeza, asinunue. Na Kiingereza chake kina uzito, si aibu kusema hivyo. Msiotaka Kiingereza tunazo zetu, kamsomeni Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, mumuone Regina anavyowalea mabinti ndani ya nyumba ya Zakaria, halafu tuje tuongee. Lakini msiisome kama tulivyosomeshwa shule, taja dhamira tano, eleza wasifu wa mhusika. Someni kama mnaosoma barua iliyotoka kwa watu wenu.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Mnajua historia ambayo hadithi hii imetokea. Miaka mia sita iliyopita kulikuwa na jemadari wa bahari wa China, Zheng He, safari saba kati ya 1405 na 1433, na baadhi ya merikebu zake zilifika pwani yetu. Malindi walipeleka twiga hadi kwa mfalme wa China, ni mwaka 1415 huo. Na Pate watu wa Siyu na Shanga wamesimulia vizazi na vizazi kwamba kuna chombo cha Wachina kilivunjika hapo, mabaharia wakaogelea wakatoka, wakasilimu, wakaoa. Mwaka 2005 msichana wa Siyu, wa kweli huyo sio wa kitabuni, akapewa nafasi ya kwenda kusoma udaktari wa asili wa China kwa sababu ya hiyo nasaba. Mwaka 2013 kisiwani Manda, hapo hapo mkabala na Lamu, Profesa Chapurukha Kusimba na wenzake wakachimba wakapata sarafu ya mfalme Yongle, ndiye aliyekuwa akimtuma Zheng He. Magazeti yakaandika, wageni wakaja na kamera.

Na mimi nauliza. Kila mtu anatafuta mabaharia. Wametoka wapi, walikuwa wangapi, meli ilikuwa ya nani. Nani anaulizia wale wanawake? Chombo kimevunjika, mtu ametoka majini hana kitu, hana lugha, hana mama, hana kwao. Nani alimfungulia mlango? Nani alimpa leso ajifute? Nani aliwafundisha wale watoto kusema maji, nyumba, njoo? Kama watoto wale wangelelewa na baharia peke yake wangeongea Kichina mpaka leo. Wanaongea Kisiu. Wanaongea lugha ya mama zao. Halafu tukihesabu ukoo tunasema fulani bin fulani bin fulani tunarudi hadi China, na katikati ya kila bin na bin kuna mwanamke amekaa hapo kimya, hana jina.

Hicho ndicho kilichonikaa moyoni. Na sasa niwaambie ya jikoni.

Mamangu hasomi riwaya. Anasoma Kurani, anasoma meseji za kikundi cha harusi, basi. Nilipokuwa namrekodia yule ndugu yangu wa Maskati nilikuwa nakaa jikoni kwa sababu ndiko kuna utulivu, na mamangu yuko pale pale anachagua mchele. Anakaa kwenye kibao, uteo juu ya magoti, anausukuma mchele kwa vidole viwili, mawe upande huu, chuya upande huu. Hanitazami. Mimi nilidhani hasikilizi.

Usiku wa nne au wa tano, natafsiri kichwa kichwa, nikafika mahali nikajisemea tu ili niendelee mbele, "wakapanda boti asubuhi wakafika Lamu mara moja." Mamangu akasema, bila kuinua kichwa, "Asubuhi saa ngapi? Maji yakiwa yamekupwa chombo hakipiti Mkanda. Ni kukaa mngoje yajae."

Nikazima simu.

Nieleweni vizuri. Mamangu, tangu niwe na akili, ni mtu wa Mombasa. Tukiulizwa nyinyi ni wa wapi tunajibu Mombasa, tumezaliwa hapa na mama kazaliwa hapa. Hajawahi kunitajia Lamu hata kwa biriani. Sasa mtu wa Mombasa ambaye hajafika huko, Mkanda ameujulia wapi? Ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, ukitoka Pate kuja Lamu, ni wenyewe tu wanaoujua kwa maji kujaa na maji kupwa.

Nikamuuliza, mama, Mkanda umepita lini?

Akaendelea kuchagua mchele. Akatoa jiwe moja, akalitazama, akaliweka pembeni. Akasema, "Nilikuwa na miaka sita. Tulingoja tangu alfajiri, jua likatuchoma, mamangu akanifunika na leso yake na yeye akabaki kichwa wazi kwenye chombo cha watu. Nikajua kuna jambo. Mamangu hakuwa mtu wa kukaa kichwa wazi."

Dada zangu, mimi nina miaka arobaini na tatu. Miaka arobaini na tatu naishi na huyu mama, nikidhani namjua hadi upande anaolalia. Usiku ule ndio nimejua kwamba nyanyangu alitolewa Siyu. Alikuwa ameolewa ndoa ya siri, mashahidi wakaruka, mume akaenda zake, akabaki na mtoto na kaka zake wakasema huyu si wetu tena. Alivumilia miaka sita, watu hawamwalikii harusi, hawamkopeshi chumvi. Halafu akapanda chombo. Akafika Mombasa, akapanga chumba, akawaambia majirani nimezaliwa hapa hapa mjini, Kibokoni, na mamangu akaambiwa, nawe umezaliwa Kibokoni, umesikia? Umezaliwa wapi? Kibokoni. Tena, wapi? Kibokoni.

Akaishi na uongo ule miaka sitini na kitu kwa sababu ulikuwa ni amana ya mamake.

Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akanijibu, "Hukuniuliza. Na mimi sikujua kama mambo haya yanaandikwa." Akanyoosha mkono akagusa kile kitabu, jalada lake tu, kwa ncha ya kidole, kidole kina vumbi la mchele. "Huyu Munira wanayemsema ndani humu, na yeye walimtoa?" Nikasema ndiyo mama, ukoo wake walimtupa. "Na huyu aliyeandika ni mtu wa Siyu?" Nikasema hapana, si mtu wa kisiwani. Akatikisa kichwa. "Basi kuna mtu alimwambia."

Sasa mnaniuliza nani ataifurahia riwaya ya mama na binti. Mamangu ambaye hatasoma hata ukurasa mmoja! Huyo ndiye. Na huyo hawezi kukifikia kitabu peke yake, hawezi, lazima pawe na binti wa kukaa jikoni amsomee kwa sauti kwa lugha anayoijua. Ndio maana nasema yule dada nilimjibu vibaya. Hakutakiwa kuuliza nimpe nani. Angeuliza nimsomee nani.

Kuna jambo moja juu ya jina la kitabu, nilitaka kulisema mapema nikapitiwa. Dragonfly ni kereng'ende, wale wadudu wa mabawa mawili mawili wanaotanda wakati wa mvua. Kuna mtafiti anaitwa Charles Anderson alikuwa akikaa Maldivi, akawa anajiuliza mbona kila Oktoba kereng'ende wanajaa visiwani na hapo hakuna maji baridi ya wao kuzalia. Mwaka 2009 akaandika kwamba wanatoka India, wanavuka bahari na upepo, wanafika huku Afrika Mashariki, halafu wanarudi. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 14,000. Lakini kereng'ende haishi muda wa kutosha kumaliza safari. Mama anafika mahali kuna maji ya mvua anataga anafia hapo, bintiye anatoka majini anaendelea na safari ambayo hakuianza yeye, naye anafia mbele, mjukuu anaendelea. Anakisia vizazi kama vinne ndio mzunguko unakamilika. Nilimsomea mamangu hii. Hakusema kitu lakini aliniambia nirudie.

Na msidhani haya ya mama kumwandikia binti yameletwa na riwaya za Kiingereza. Huku huku kwetu pwani, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mkubwa wa Siyu, mgonjwa kitandani mwaka mzima, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi. Nyote mnaujua. Lakini tunaukumbuka kwa zile nasaha za mume na peponi, tunazisoma kwenye harusi mpaka wasichana wanaudhika, na tunauruka ule mwanzo. Anamwita kwanza. Anamwambia sogea, kaa, lete wino na karatasi:

*Ndoo mbee ujilisi*
*na wino na karatasi*
*moyoni nina hadithi*
*nimependa kukwambia.*

Mama ana maneno moyoni na anamwambia mtoto andika! Miaka zaidi ya mia na sitini iliyopita. Sasa wewe binti uliyekaa hapo, mamako alishawahi kukwambia lete kalamu? Au anangoja ulete mwenyewe? Na wewe mama, unayo hadithi gani moyoni unayoificha kwa sababu mamako alikwambia sema Kibokoni?

Nimalizie, naona muda.

Kitabu tulikimaliza mwezi uliopita, mimi na yeye, na yule wa Maskati kwenye simu. Usiku wa mwisho mamangu akaniambia nitafute kalamu. Nikamletea biki ya mtoto. Akasema fungua mwisho wa kitabu pale peupe, andika. Nikaandika jina langu. Akasema sasa langu chini yake. Nikaandika. Akataja la nyanyangu, kwa ukamilifu wake, na jina la Siyu mbele yake, mara ya kwanza maishani mwangu nasikia mdomo wake unasema Siyu. Nikaandika. Akataja la mamake nyanya, na hilo alilikumbuka kwa sababu nyanya alikuwa akilitaja akiweweseka kwa homa. Nikaandika. Nikangoja la tano.

Akafikiri sana. Akasema hilo halijui, lakini Faza, huko huko Pate, kuna bibi mmoja, kama bado yu hai, anaweza kuwa analo. Wiki ijayo tunapanda basi kwenda Mokowe, kisha tukamate boti ya Mtangawanda, gati ya Pate, maji yakijaa. Ameshafunga nguo tangu Jumatano, na kitabu amekitia ndani ya leso pamoja na biki.